Sirudi, Si Narudi

Jovitha amekufa, na ndugu zake wanataka nikamwimbie. Simu ilinikuta Nkwenda, nafunga spika zangu kwenye pikapu baada ya mnada, jasho halijanikauka. Aliyepiga ni mdogo wake, Deo. "Shikamoo, dada Kemi. Jovitha ametutoka. Tunazika keshokutwa, nyumbani Bugene. Familia imekaa, imeona wewe ndiye wa kuimba Narudi. Si mlikuwa kama mapacha?" Nikamwuliza dada yake amekufa na nini. Akasema presha, alianguka jikoni, hawakuwahi kumfikisha hospitali. Nikasema poleni. Kisha nikasema nitakuja, na sauti ikanitoka tamu kabisa, sauti ya mtu aliyefiwa. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira niliyoilea zaidi ya miaka ishirini, na wenyewe walikuwa wamenikabidhi kipaza sauti.

Msomaji wa pande zetu hahitaji kuelezwa Narudi ni wimbo gani. Hupigwa bibi arusi anapoingia ukumbini akiyumba kwa madaha. Hupigwa Desemba, mabasi yanapoleta watu wa Mwanza na Dar kuja kula sikukuu vijijini kwao, kila kioski kutoka Kyaka hadi Murongo kinaupiga na wanaume wazima wanafuta macho. Mimi ndiye niliyeutunga. Sikuutunga hivyo. Niliutunga ukiitwa Sirudi, na katika maisha yangu ya muziki hakuna kitu nilichokichukia kama kusimama jukwaani na kuimba maneno yangu mwenyewe, halafu mtoto aliyezaliwa baada ya wimbo huo anipigie kelele kutoka chini, "Mama, umekosea maneno!" Nimefanya muziki bila meneja na bila kampuni. Nyimbo zangu nimezirekodi kwa fedha za mahindi, nimezibeba kwenye begi, nimezichomeka kwenye simu za watu mnadani, na sasa naziweka mwenyewe mtandaoni. Wanaonihoji huuliza nani alinivutia kuingia katika sanaa, wakitarajia nimtaje bibi yangu au kanisa. Huwa najibu kwamba ni mtu mmoja aliyeniibia. Hucheka, wakidhani natania.

Mwaka ninaoueleza nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nimemwacha mume. Nani alinizaa na nani alinilea, hayo tuyaache. Mume aliitwa Anselimi, mtu wa Mabira, mpole wa kuongea. Hakunipiga. Watu hutaka kusikia kwamba alinipiga, ndipo wanielewe, na wasipolipata hilo hunitazama kama mtu aliyewapotezea muda. Alichofanya Anselimi ni kunifungia mlango kwa nje. Alifunga kufuli kila alipokwenda kunywa rubisi, alifunga alipokwenda kuuza kahawa, alifunga hata Jumapili moja alipokwenda kanisani, akaniombea huko. Alinisikia siku moja naimba kisimani na wanawake wamenizunguka wanapiga makofi, akaona dawa ni kufuli. Nilikaa naye miezi minane. Mahindi yalipokomaa na kila mtu akawa shambani, nilitoboa ukuta wa udongo upande wa jikoni kwa mwiko na kisu, nikatoka kama panya, nikapanda bodaboda hadi Omurushaka nikiwa na kandambili zisizolingana.

Aliyenipokea ni Bi Mwanaidi, muuza vitenge, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani akabaki. Alinipa chumba cha nyuma ya duka kwa makubaliano kwamba nitafagia, nitachota maji, na sitaleta mwanaume. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba na dirisha lililotazama ua ambako jirani yake, mnunuzi wa kahawa, alianika kahawa juu ya maturubai, kwa hiyo nguo zangu, nywele zangu na ndoto zangu zote za mwaka ule zilinuka maganda ya kahawa. Ukuta wa kukitenga na duka ulikuwa wa mbao na haukufika kwenye bati. Maneno ya dukani yaliruka juu yake na kuniangukia kitandani: nani kamkopesha nani, binti gani kabeba mimba ya mwalimu, kitenge kipi kinachuja. Nilijifunza kutunga nyimbo kwa kuusikiliza ukuta ule. Hadi leo, nikitaka kuandika mstari wa kweli, najaribu kuukumbuka jinsi mtu anavyosema akidhani hakuna anayemsikia.

Jovitha alikuja mwezi mmoja baadaye. Tulifahamiana kwenye mashindano ya kwaya za Kilutheri, yeye akiwa upande wa Bugene, mimi upande wa Mabira, na siku ile waamuzi walisahau kuandika walipomsikia. Alikuwa amefukuzwa kwaya kwa kuimba nyimbo za kidunia kwenye sherehe ya kumuaga bibi arusi. Aliingia na godoro kichwani, akalibwaga karibu na kitanda changu, akasema, "Sasa tuko wawili, wakitaka kutufukuza watafukuza kundi." Bi Mwanaidi alimpima kwa macho kutoka kisigino hadi utosi. "Huyu ana mdomo," akaniambia baadaye. "Mwenye mdomo mpe ufagio, usimpe siri." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya watu wazima tu.

Tuligawana kazi. Mimi nilitunga, nikapiga gita la kuazima. Yeye aliongea na watu, akachagua nguo, akatafuta sherehe za kuimba. Mchana tulikula ndizi na maharage kutoka sufuria la Bi Mwanaidi, Ijumaa tulikula pilau yake, na mvua za Novemba zilipoleta senene tulikaa uani tukiwatoa mabawa na miguu, ndoo katikati yetu, na pale, vidole vikinata, Jovitha aliingiza sauti ya pili katika kila kitu nilichokiimba bila kuambiwa iende wapi. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na wala halinilainishi. Mtu anayeweza kukufuata hivyo katika wimbo anakuwa amekuingia ndani kabisa, anajua kila kitu kilipowekwa, na siku akitaka kuchukua hahitaji kupapasa gizani.

Wazee wa Mabira walikuja kunidai mwanzoni mwa Desemba. Walikuwa watatu, wakiongozwa na baba mdogo wa Anselimi, Mzee Petro, mwenye koti la kijivu na fimbo. Bi Mwanaidi aliwakalisha dukani, akanifanyia ishara nibaki chumbani. Jovitha alikuwa nami, tumekaa kitandani tumeshikana mikono, tukisikiliza maneno yakiruka ukuta.

"Mwanamke ni wetu," alisema Mzee Petro. "Hatukuja kwa ugomvi."

"Hapa nauza vitenge," alijibu Bi Mwanaidi. "Mwanamke wenu mlimpima mita ngapi?"

"Mama, usitufanyie mzaha. Amebomoa nyumba ya watu. Amepita ukutani kama mwizi."

"Mwizi huingia, mzee. Huyu alitoka."

Nikasikia chupa za soda zikiwekwa chini. Kisha Mzee Petro alipandisha sauti, akijua fika kwamba nasikia, akaigeuza laini kama ya mtu anayeita kuku. "Mama, rudi nyumbani. Tumekuja kwa upole, mama. Mlango uko wazi." Kwao mke wa ukoo huitwa mama hata kama ni binti mdogo, na kwa miezi minane neno hilo nilikuwa nikilisikia kutoka upande wa pili wa kufuli. Nilisimama, nikapita pazia, nikawaamkia kwa shikamoo, kila mmoja kwa zamu yake, na baada ya shikamoo ya tatu nikasema, "Sirudi." Sikuongeza neno. Mzee Petro alichukua fimbo yake, akasema kwa Kinyambo kitu ambacho sitakiandika hapa.

Walipoondoka, wimbo ulikuja wote kwa pamoja, jinsi ambavyo hazijanijia nyimbo nyingi tangu hapo.

*Mlango wenu, kufuli lenu,*
*miguu ni yangu.*
*Niiteni kwa upole, niiteni mama,*
*sirudi.*

Jovitha alikuwa wa kwanza kuusikia. Aliruka kitandani akaanza kucheza na shuka, akilirudia neno la mwisho, akilivuta, akilikata, akilitupa juu ya ukuta hadi Bi Mwanaidi akagonga mbao kwa mita yake na kusema wateja wanashindwa kusikia bei. "Kemi, huu ndio," Jovitha alisema. "Huu utatutoa." Alisema utatutoa. Hilo nalikumbuka vizuri, maana lilikuwa jambo la mwisho alilolisema akituhesabu sote wawili.

Studio ilikuwa Kayanga, chumba cha nyuma cha fundi redio aliyeitwa Rasto, kuta zimebandikwa trei za mayai, blanketi limening'inizwa mlangoni. Rasto alitusikiliza amefumba macho. Tulipomaliza alisema sauti zimekaa, tuni imekaa, lakini wimbo una ukali. "Redioni nani atauomba? Bibi arusi? Mama mkwe? Mfanyeni huyo mwanamke arudi, mtaona." Nikamwambia huyo mwanamke ni mimi na sirudi. Akacheka, akatupangia siku ya wiki iliyofuata. Njiani kurudi Jovitha hakuongea. Nilidhani amekasirika kwa niaba yangu.

Siku ya kurekodi ilinikuta kitandani na homa, koo limevimba, sauti imekauka hata kuomba maji ilinibidi nioneshe kwa mkono. Jovitha alisema atakwenda kumwambia Rasto asogeze siku. Alivaa gauni lake la bluu. Nikajiuliza gauni la nini kwa kwenda kusogeza siku, kisha homa ikanibeba. Alirudi jioni na mkate na maziwa, akaniinua, akaninywesha kwa kijiko, akanifunika. "Amesema tusubiri," aliniambia. Alinilisha kwa mkono ule ule. Watu huniambia nimsamehe kwa sababu alikuwa msichana mdogo na maisha yalikuwa magumu. Mimi huwauliza kama wamewahi kunyweshwa maziwa na mtu ambaye mchana wake ameuza wimbo wako.

Niliusikia wimbo siku chache baada ya mwaka mpya, nikiwa chumbani nakula kiporo cha ndizi. Redio ya Bi Mwanaidi ilikuwa dukani, ikiongea peke yake kama kawaida, na juu ya ukuta ikaja gita la kompyuta, halafu sauti ya Jovitha. Nitasema ukweli ambao ndio unaoniuma kuliko mengine yote: aliimba vizuri kuliko mimi. Aliimba kama mtu anayelia huku anatabasamu. *Mlango wetu, kufuli letu, miguu ni yako. Niite kwa upole, niite mama, narudi.* Nililisikia lile "miguu ni yako" nikakitua kijiko. Wimbo ulipokwisha mtangazaji alimkaribisha, maana alikuwa palepale studioni kwao.

"Jovitha, huu wimbo umetoka wapi?"

"Ni kisa cha kweli," Jovitha alisema, na akavuta pumzi ile yake ya kabla ya kiitikio. "Nina rafiki yangu, Kemilembe, wa Mabira. Alimkimbia mume wake. Sasa amejuta, ila hajui aanzie wapi kumwambia. Nikaona nimsaidie."

"Kwa hiyo kama mume anasikiliza?"

"Kama anasikiliza, aje tu. Anamsubiri Omurushaka."

Bi Mwanaidi alizima redio. Nilisikia kiti chake kikilia, kisha mikono yake ikaonekana kwenye pazia, lakini hakulifungua. "Kemi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Maliza chakula. Mtu asigombane na njaa tumboni."

Jovitha alirudi jua likiwa bado juu, nywele zimesukwa upya, akinuka mafuta ya saluni. Alipoona nimelitoa godoro lake uani, juu ya kahawa za watu, alijua. Hakukana. Hilo nampa. Aliweka mkoba chini, akasimama mlangoni na kusema, "Rasto alisema bila kubadilisha harekodi. Ningefanyaje?"

"Ungerudi nyumbani."

"Kemi, redio haipigi wimbo wa mwanamke anayewakataa wazee. Nani ataucheza harusini? Nimeutafutia njia tu. Wimbo ni ule ule, nimegusa neno moja."

"Na jina langu ulilitaja kwa nini?"

Hapo aliangalia pembeni. "Mtangazaji alitaka kisa. Nilidhani utafurahi kutajwa."

Nilikuwa na maneno mengi, na koo langu lilikuwa bado halijapona, nikajikuta nasema moja tu: "Toka." Alitoka. Alikwenda kulikung'uta godoro lake uani kwa utaratibu, akiokota punje za kahawa zilizonata na kuzirudisha kwenye turubai moja moja, na alipokuwa anafanya hivyo alikuwa, bila kujua, anauimba kwa pua. Nilitamani kumpiga. Sikumpiga, na sijui hadi leo kama hiyo ilikuwa hekima au homa. Hatukuongea tena mpaka anakufa.

Wakaja. Ilikuwa siku ya soko, Omurushaka imejaa, malori ya ndizi yamepaki hadi barabarani, wasafiri wa basi la Bukoba wameshuka kunyoosha miguu. Kwanza nilisikia vigelegele. Nikadhani ni harusi. Nilipotoka na ufagio mkononi, nikamwona Anselimi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, Mzee Petro na koti lake la kijivu, na wanawake wawili wa ukoo wakicheza mbele yao, mmoja na kikapu kichwani. Walikuwa na furaha. Laiti wangekuja na fimbo, ningejua la kufanya.

"Kemi," alisema Anselimi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeusikia ujumbe wako. Nimelia, mbele ya watu, pale kilabuni." Akasogea, akateremsha sauti. "Lile kufuli nimelitoa. Nimelitupa chooni."

Nilimwamini. Nilimtazama usoni nikaona anasema kweli, na kwamba kesho yake, au mwezi wa pili, angenunua jingine. "Anselimi," nikamwambia, "sikukutumia ujumbe wowote."

Mzee Petro aligeukia watu, maana tayari walikuwa wametuzunguka. "Mnasikia? Ametuita redioni, wilaya nzima imesikia. Tumekuja, anatukana!"

Basi mtaa wote ukanigeukia. Sijawahi kuona watu wakielewana haraka namna ile. Wapakiaji wa kahawa, mama wa vitumbua, kondakta wa basi, watu ambao nilikuwa nawachotea maji ya kunawa, kila mmoja alikuwa na la kusema. "Anaringa nini?" "Mume amejishusha namna hii!" "Wa kwangu angenifuata na kikapu ningetambaa!" Ganda la muwa likanipiga begani, na aliyelirusha alichekwa kwa kupongezwa. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni mwa duka na mita yake, mfupi, mnene, amejifunga mtandio, akasema kwa sauti kwamba wa kwanza kukanyaga kizingiti chake atapimwa urefu wa jeneza. Kizingiti hawakukikanyaga. Ila hawakuondoka pia.

"Wewe mwenyewe umeimba!" mama wa vitumbua alinipigia kelele. "Tumekusikia!"

"Hamjanisikia," nikasema. "Huyo si mimi. Nisikieni sasa."

Nikaimba. Sikuwa na gita, sauti ilikuwa na mikwaruzo, nilikuwa na ufagio. Niliimba Sirudi yote, beti zote tatu, nikimtazama Mzee Petro kwenye "niiteni mama". Hawakunyamaza. Wengine walicheka, wengine walianza kuimba Narudi juu yangu ili wanizime, na wale wanawake wawili walipiga vigelegele kwa makusudi kila nilipofika kwenye neno lenyewe. Niliendelea. Mahali fulani katika ubeti wa pili niliacha kutetemeka, nikagundua kwamba ninaweza kuimba mbele ya watu wanaonichukia na wimbo usipungukiwe na kitu. Huo ndio ufundi pekee nilio nao. Nimeutumia minadani kote Kyerwa, mbele ya walevi, mbele ya watu wanaosubiri kumwona msanii kutoka Dar, na haujawahi kuniangusha.

Nilipomaliza, Anselimi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani, ameinamisha kichwa. Alisimama, akakichukua kikapu kwa yule mwanamke, akakiweka chini mbele yangu. Kilikuwa na ndizi mbivu na nyama iliyofungwa kwenye jani. "Ilikuwa yako," alisema, akaondoka kwa miguu, peke yake, shati lake likionekana kwa mbali sana. Bi Mwanaidi aliipika ile nyama. Tuliila wawili, na nilipoanza kulia aliniongezea mchuzi.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Bugene siku ya kumzika Jovitha. Nilivaa nyeusi, nikafika mapema, nikakaa chini ya turubai kati ya wanawake ambao hawakunijua kwa sura. Mbele yetu walikuwa wanapakua wali na maharage kwa waliotoka mbali. Wawili walikuwa wananisema bila kujua kwamba niko mgongoni mwao. "Wamemwita yule wa minadani aimbe." "Yule aliyekuwa anamwonea wivu marehemu? Anaimba maneno yake ya ajabu." "Leo ataimba vizuri. Mbele ya maiti hata mchawi huimba vizuri." Nikanywa chai yangu. Jeneza lilikuwa sebuleni, na karibu yake alikaa binti wa Jovitha, Anitha, wa miaka kumi na saba hivi, mdomo wa mama yake mtupu. Sikumtazama sana. Sikuja kwa ajili yake.

Mchungaji alipomaliza, Deo alinishika mkono, akanipeleka mbele ya kaburi kibanjani, kati ya migomba. Kinanda cha kwaya kilianza utangulizi wa Narudi. Nikamwonesha mpigaji kwa kiganja aache. Nilikuwa nimepanga. Ningeuimba wangu, jinsi ulivyozaliwa, mbele ya ukoo wake, mbele ya kwaya yake, yeye akiwa mahali ambapo hawezi kuvuta pumzi na kusema ni kisa cha rafiki. Nilitaka waone aibu. Nilitaka ule umati wote utazamane na kuulizana.

*Mlango wenu, kufuli lenu, miguu ni yangu.* Nilianza polepole. *Niiteni kwa upole, niiteni mama.* Hapo Anitha alipiga ukelele. "Mama!" alilia, "Mama!", akataka kujitupa mbele, wanaume wakamdaka. Na mimi nikasema neno langu, "Sirudi," na umati mzima ukaangua kilio. Walisikia maiti ikisema. Walidhani nimemwazima Jovitha sauti yangu awaage. Mzee mmoja alivua kofia. Kwaya iliingia nyuma yangu kwa sauti nne, kwa hiari yao, wakiimba sirudi, sirudi, neno ambalo hawakuwahi kukubali kuliimba nami mwenzangu akiwa hai. Niliendelea hadi mwisho, maana kuacha sikuweza, huku nikiona silaha yangu ikigeuka shada la maua mikononi mwangu. Hata amekufa, nilifikiri. Hata sasa ameuchukua.

Baada ya udongo, watu walinishika mikono. Mchungaji alisema nimewabariki. Deo alisema familia haitasahau. Nilikuwa natafuta njia ya kutoka Anitha aliponijia, uso umevimba, akanipigia goti kidogo jinsi tunavyowafundisha watoto wetu. "Shikamoo, mama. Asante. Umembadilishia mama maneno vizuri sana."

Ningeweza kuitikia marahaba nikaenda zangu. Bodaboda zilikuwa zimepanga mstari barabarani. "Anitha," nikasema, "mimi sikubadilisha kitu. Huo ndio wimbo wenyewe. Niliutunga mimi, nikiwa na umri mkubwa kidogo kuliko wako. Aliyebadilisha ni mama yako."

Alinyanyuka. Nikaona maneno yakimwingia moja baada ya jingine. Nilimtarajia abishe, aniite mwongo, aite wajomba zake. Alisema, "Na umesubiri kuja kuniambia leo?"

"Mimi mama yako aliniambia kupitia redio, wilaya nzima ikisikia."

"Mimi sikuwepo!" alisema, na sauti yake ilipanda mpaka wanawake wa jikoni wakageuka. "Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya, ni wako. Chukua wimbo wako, mama, uondoke nao kwetu."

Wajomba walikuwa wanakuja. Deo aliuliza kuna nini. Katika miaka yote ile, hakuna mtu wa nyumba ile, wala wa redio, wala wa kwaya, wala wa Omurushaka, aliyewahi kuniambia wimbo ni wangu, na sasa nilikuwa nimeambiwa, mbele ya watu, na mtoto aliyekuwa akinifukuza msibani kwa mama yake. Nilitaka alirudie neno lile, kwamba ni wangu. Nilisimama pale kama mjinga, mkoba mkononi, nikimsubiri alirudie, mpaka Deo aliponishika kiwiko na kunielekeza barabarani.